Nyota wa Timu ya Kikapu: Jinsi ya Kutoa Juhudi Ileile Kila Mechi

"Kocha, Ijumaa nilifunga pointi 27, Jumapili nikaambulia 6. Nina shida gani?" Swali hili huja kila msimu, kutoka kwa wachezaji wa vyuo, wa klabu na hata wa sekondari, tarakimu tu ndizo zinazobadilika. Huandamana na lingine: "Mimi ndiye ninayefunga kuliko wote, mbona kocha ananifokea mimi peke yangu?" Majibu ya maswali haya yametoka chungu kimoja, ndiyo maana nayaweka pamoja hapa.

Pointi zako zitapanda na kushuka, hata ufanye nini. Ila miguu yako, mdomo wako na nidhamu yako havina sababu ya kupanda na kushuka nazo. Kocha hupanga mechi akijiuliza atapata nini kwako siku ambayo mambo yamekwenda vibaya, na wenzako hujiuliza hivyo hivyo hata kama hawasemi. Kwa hiyo kazi yetu ni kuinua siku yako mbaya. Siku yako nzuri tuiache, inajitunza.

Mwongozo huu ni wako kama timu inakutegemea: ligi ya taifa ya FUBA (shirikisho la kikapu la Uganda), madaraja ya chini yake, ligi ya vyuo, mashindano ya shule, mvulana au msichana. Kama bado unajifunza kudribo, anza na hilo kwanza.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu. Simu nayo yafaa, ila ukiifungua kuandika rekodi utajikuta unasoma sifa zako kwenye WhatsApp.
- Mtu wa kukuhesabia. Mchezaji mwenzako aliyeumia anafaa kuliko wote, kwa sababu anaujua mchezo na yupo benchi bila kazi. Mpenzi wako hafai. Atakupendelea.
- Simu ya kurekodi video, na mahali pa juu pa kuiweka.
- Mpira wa saizi yako: namba 7 kwa wanaume, namba 6 kwa wanawake. Wasichana wengi hufanya mazoezi kwa namba 7 kwa kuwa ndiyo iliyopo, kisha siku ya mechi mpira unapita juu ya ringi na hawaelewi kwa nini.
- Kitambaa cha kufutia soli za viatu. Ukitoka kwenye uwanja wa saruji ukaingia ukumbini na vumbi lako, utateleza.
- Nusu saa ya kocha wako.
- Mechi tano za kujipima kabla ya kubadilisha chochote.

Huhitaji jimu ya kulipia wala unga wa protini wa bei mbaya.

Hatua ya 1: Muulize kocha anakutegemea kwa lipi

Wachezaji wengi wanaoitwa nyota hawajawahi kuuliza. Wanadhani jibu ni pointi. Nenda na maswali matatu: Nikiwa sifungi, unataka nifanye nini? Nani nimlinde? Ni jambo gani nikiliacha utanitoa nje? Andika majibu kwa maneno yake mwenyewe.

Utashangaa. Makocha wengi huanza na kurudi nyuma kwenye ulinzi, kuongea uwanjani, na kuacha kubishana na waamuzi.

*Tahadhari:* usiende baada ya mechi mliyofungwa, wala mbele ya wenzako. Fika mazoezini mapema, msalimie kwa utulivu, omba nafasi. Ukimwendea kana kwamba unamdai dakika za kucheza, atakujibu kama mdaiwa.

Hatua ya 2: Chagua vitu vitano visivyongoja mpira uingie

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo wote, kwa hiyo usipite haraka. Karatasi rasmi ya takwimu itakuonyesha pointi, ribaundi (mipira iliyokosa kuingia ukaidaka), asisti (pasi zilizozaa pointi) na faulo. Haionyeshi kwamba baada ya kukosa ulisimama ukitazama dari huku mtu wako anakwenda kufunga peke yake. Ndiyo maana unahitaji hesabu yako mwenyewe. Mimi huwapa wachezaji hizi:

- Kurudi nyuma. Kila timu yako inapopoteza mpira au kukosa, je, ulivuka nusu ya uwanja ukikimbia kwa nguvu, au ulitembea? Anayehesabu aandike alama ya vema au mkasi, basi.
- Kumzuia mtu kwa mwili kabla ya kutafuta ribaundi. Ribaundi yenyewe inaweza kumwangukia mwenzako. Hiyo ni sawa, hesabu kuzuia. Tazama video za Jane Asinde akiwa na Gazelles, timu ya taifa ya wanawake ya Uganda, kwenye AfroBasket ya wanawake ya 2023 kule Kigali, na macho yako yabaki kwake wakati mpira bado uko hewani. Kazi imeanza kabla mpira haujagusa ringi.
- Kugusa mpira wa adui. Kila pasi au dribo uliyoivuruga, hata kwa ncha ya kidole, hata kama mpira ulitoka nje ukawa wao tena.
- Skrini, yaani kusimama imara njiani mwa mlinzi, iliyomfungulia mwenzako njia. Nyota wengi hupokea skrini kumi na kutoa sifuri.
- Sauti. Ni mara ngapi ulisikika ukimwonya mwenzako kwamba kuna skrini inakuja? Timu zetu zina Waganda, Wakenya, Wakongo na Wasudani Kusini kwenye benchi moja, kwa hiyo kubalianeni maneno mafupi ambayo kila mmoja anayaelewa. "Kushoto!" kwa Kiswahili inatosha, mradi itoke kabla mtu hajagongwa.

Unaweza kubadilisha kimoja au viwili kulingana na nafasi yako. Sharti ni hili: kila kitu kwenye orodha uweze kukifanya siku ambayo mkono wako umekufa kabisa.

*Tahadhari:* usichague vitu kumi na viwili. Anayekuhesabia atachoka kwenye robo ya pili na kuanza kubuni.

Hatua ya 3: Pima sakafu yako

Cheza mechi tano kama unavyocheza siku zote, huku unahesabiwa. Kisha angalia namba ya chini kabisa kwa kila kitu, usitafute wastani. Tuseme nafasi za kurudi nyuma ni kama 30 kwa mechi, na ulikimbia 24, 26, 15, 25, 22. Sakafu yako ni 15. Lengo la kwanza ni kuitoa 15 ifike 20. Hiyo 26 usiiguse.

Sasa jiulize kilichotokea siku ya 15. Kwa kawaida sababu ni moja kati ya hizi: mlicheza na timu dhaifu, ulikosa mitupo mitatu ya mwanzo, mwamuzi alikunyima faulo, au ulikuja na njaa. Andika. Sababu hiyo itarudi tena, nayo ndiyo utakayopambana nayo katika hatua zinazofuata.

Nadharia kidogo hapa, na sitairudia. Mrushaji anayepata asilimia 35 ya mitupo ya pointi tatu ni mzuri. Akirusha sita kwa mechi, hesabu ya bahati peke yake inasema karibu mechi moja kati ya tatu atapata mmoja au asipate kabisa, bila kubadilisha chochote katika mkono wake. Huyo ndiye mtu anayekuja kuuliza ana shida gani. Hana shida. LeBron James, kuanzia Januari 2007, alifunga pointi 10 au zaidi katika mechi zaidi ya 1,200 mfululizo za msimu wa kawaida wa NBA, na ndani ya mechi hizo kuna usiku wa pointi 61 na kuna usiku wa kumi na kidogo. Namba zake za juu ziliyumba kama za mtu yeyote. Chini ndiko alikokataa kushuka.

Hatua ya 4: Fanya mazoezi ukiwa umechoka

Kurusha mipira mia tano umesimama mahali pamoja, muziki masikioni, kunapendeza kwenye video. Kwenye mechi hakuna mtupo wa namna hiyo.

1. Kimbia uwanja mzima, mita 28, mara nne bila kusimama.
2. Nenda moja kwa moja kwenye mstari wa mtupo huru, mita 4.6 kutoka ubaoni. Rusha miwili tu.
3. Rudia mara kumi. Andika umepata mingapi kati ya 20.
4. Mwishoni, cheza ulinzi dhidi ya mwenzako mmoja mmoja mara tano, ukiwa tayari umechoka. Ukifungwa mara tatu au zaidi, rudia.

Kwa nini miwili miwili? Kwa sababu ndivyo mitupo huru inavyokuja kwenye mechi, moyo ukiwa unapiga ngoma. Fanya hivi mara mbili kwa wiki, si siku moja kabla ya mechi.

Uwanja nao una lake. Timu nyingi za Kampala hufanya mazoezi nje juu ya saruji, kisha mechi zinachezwa ndani ya ukumbi wa Lugogo. Nje kuna upepo na jua la saa kumi, ndani kuna ukuta na watu nyuma ya ubao, na macho hupoteza kipimo. Ukipata hata dakika kumi za kurusha ndani kabla ya mechi, zitumie karibu na ringi kwanza, urudi nyuma taratibu. Wengi huanza kutoka mstari wa pointi tatu, wanakosa nane, na wanaingia mechini tayari wana hofu.

*Tahadhari:* saruji huua nyonga na miguu. Punguza miruko. Maumivu ya mbele ya mguu chini ya goti yakidumu wiki mbili, pumzika na uonane na mtu wa tiba. Kujituma hakumaanishi kucheza umeumia.

Na fika kwa wakati. Mvua za Machi hadi Mei zitavunja mazoezi bila kukuuliza, foleni ya Jinja Road nayo haina huruma, lakini mchezaji wa akiba anatoka Mukono na amefika. Ukichelewa wewe, kocha ana mambo mawili ya kuchagua, yote mabaya: akuadhibu na kuivuruga timu, au akunyamazie na kila mtu aone kwamba sheria zina watu wake.

Hatua ya 5: Panga wiki, hasa unachokataa

Nyota wa Kampala anaombwa kila kona. Kitivo kinamtaka, kanisa lina mashindano, ofisi ya mjomba ina timu, na Jumamosi kuna bonanza lenye bahasha. Sisemi ukatae pesa, maisha ni magumu na wachezaji wengi wana karo. Nasema ukicheza mechi nne kwa wiki, ya nne ndiyo sakafu yako, na mara nyingi ya nne ndiyo ya klabu iliyokusajili. Weka kikomo. Mimi ningesema mechi mbili kamili kwa wiki, na mwambie kocha kuhusu ile ya pili kabla hajaisikia kwa wengine.

Kuwepo ni sehemu ya kazi. A.C. Green alicheza mechi 1,192 mfululizo za NBA kati ya 1986 na 2001, na hakuwahi kuwa yule ambaye mashabiki walikuja kumtazama. Hata huko Marekani, kuanzia msimu wa 2023–24, anayetaka tuzo kama ya mchezaji bora wa msimu anatakiwa kucheza angalau mechi 65 kati ya 82.

Usingizi: saa nane. Wiki ya mitihani punguza mazoezi ya ziada, usipunguze usingizi.

Hatua ya 6: Siku ya mechi

Kula mlo mkubwa saa tatu au nne kabla: posho (ugali) na maharage, wali, matoke na mchuzi, chochote ulichozoea. Saa moja kabla, ndizi na maji. Rolex (chapati ya kuviringishwa) ya mayai matatu dakika thelathini kabla ya kuruka ni adui yako, hata kama muuzaji yuko getini na inanukia.

Toka nyumbani mapema kana kwamba boda itaharibika. Fungua daftari, soma sakafu zako tano, lifunge. Usiangalie namba za mpinzani wako.

Hatua ya 7: Dakika tano za kwanza

Robo moja ni dakika kumi kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia. Nusu yake ya kwanza ndiyo inayoamua kama siku mbaya itakuwa mbaya kabisa. Kosa kubwa la nyota ni kutaka kujihakikishia kwa kurusha. Anakosa wa kwanza, anarusha wa pili kwa hasira, wa tatu akiwa na watu wawili usoni, na kuanzia hapo hakimbii tena kurudi nyuma kwa sababu moyo umevunjika.

Fanya hivi badala yake: kabla ya mtupo wako wa kwanza kutoka mbali, hakikisha umegusa mpira mmoja wa adui, umemzuia mtu mmoja kwa mwili, na umetoa pasi moja iliyoleta mtupo mzuri. Si sheria ya mbinguni. Ukipata nafasi wazi chini ya kikapu, funga. Lakini mpangilio huu unakuingiza mechini kwa mlango ambao hauwezi kufungwa na ringi.

Chunga faulo. Kwa FIBA ya tano inakutoa, si ya sita kama kule NBA, na mechi ni dakika 40 badala ya 48. Ukiwa na mbili kwenye robo ya kwanza, kocha atakukalisha, na juhudi zako zote ziko benchi pamoja nawe. Faulo ya kijinga kuliko zote ni ile ya kumshika mtu mita ishirini kutoka kikapuni kwa sababu amekunyang'anya mpira. Kimbia.

Hatua ya 8: Wakikuwekea watu wawili

Watakuwekea, ukiwa mzuri. Maana yake mwenzako mmoja yuko wazi, na una sekunde moja au mbili kabla hawajajipanga. Toa pasi mapema, usidribo ukirudi nyuma hadi kona. Kisha, na hapa ndipo wengi hukosea, usisimame. Kata kuelekea kikapuni au nenda ukaweke skrini. Nyota aliyetoa pasi na kusimama akishika kiuno amemsaidia adui kupumzika.

Mwenzako akikosa mtupo huo wa wazi, usikunjue mikono wala usitazame benchi. Mpe tena mara inayofuata. Usipompa, ataacha kujiweka wazi, na utabaki na watu wawili usoni hadi mwisho.

Hatua ya 9: Baada ya mechi

Andika namba zako tano usiku huohuo, kabla ya kusoma mtandao. Video itazame kesho yake, robo moja tu, na uchague ile mbaya. Kila baada ya mechi tano, pima sakafu upya. Ikipanda, ongeza kidogo. Ikishuka, rudi kwenye sababu uliyoiandika katika hatua ya 3.

Ukikwama

*Mitupo haiingii, wiki ya tatu sasa.* Kwanza angalia namba zako tano. Zikiwa juu ya sakafu, endelea kurusha mitupo mizuri na usibadilishe mkono. Zikiwa zimeshuka, tatizo liko miguuni: uchovu hufupisha mtupo, na mpira hugonga mbele ya ringi. Lala, punguza bonanza.

*Nacheza vizuri dhidi ya timu kubwa tu.* Hili ni gonjwa la wengi. Dhidi ya City Oilers mtu anaruka kama paka, wiki inayofuata dhidi ya timu ya mkiani anatembea. Kumbuka Oilers walianza kuchukua ubingwa mwaka 2013 na wakauchukua msimu baada ya msimu. Huwezi kufanya hivyo kwa kushinda mechi kubwa peke yake. Kwa mechi ndogo, mwambie anayekuhesabia atangaze namba zako mbele ya timu wakati wa mapumziko. Aibu ina kazi yake.

*Wenzangu hawanipi mpira.* Hesabu skrini na pasi zako za mechi tatu zilizopita kabla ya kulalamika. Zikiwa nyingi na bado hawakupi, zungumza na nahodha pembeni.

*Naishiwa pumzi robo ya tatu.* Karibu kila mara ni maji na mapumziko ya katikati. Kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, na mapumzikoni usikae dakika zote. Simama dakika mbili za mwisho, ruka taratibu.

*Wamenipa mlinzi mkorofi, ananivuta jezi.* Mwambie mwamuzi mara moja, kwa heshima, mpira ukiwa umesimama. Kisha msogeze huyo mlinzi kwenye skrini mbili mfululizo, achoke yeye. Ukimrudishia kiwiko, mwamuzi humwona wa pili.

*Klabu haijalipa nauli na sina moyo wa kukimbia.* Dai lako ni halali. Lipeleke kwa uongozi, wachezaji wote pamoja, kupitia nahodha, na mkubaliane tarehe ya jibu. Kama mmeamua kugoma, gomeni mazoezini kwa taarifa. Kuingia uwanjani na kutembea hakumgusi kiongozi aliyekaa ofisini. Anayeumia ni beki wenu anayebaki peke yake dhidi ya watu wawili.

*Kocha bado ananifokea.* Mpelekee daftari. Mwonyeshe sakafu ya mwezi uliopita na ya sasa, na umuulize ni namba gani anataka ipande. Akiwa hana jibu, endelea na zako. Akiwa nalo, ongeza hiyo kwenye orodha na utoe moja.